Asali Kwenye Shokapu

Kaka yangu aliyeko Maskati aliponiuliza aniletee nini akija likizo, jibu alikuwa nalo tayari: manukato, au kitambaa cha gauni. Nikamwambia nataka gari la rimoti. Akacheka. Aliposikia sicheki naye, akauliza ni la mtoto wa nani. Nikamwambia ni langu, nimeshavuka arobaini na sihitaji kuazima mtoto ili nicheze. Tulipokuwa wadogo yeye aliletewa gari na mimi nikaletewa mwanasesere mwenye nywele za manjano, nikamsuka mpaka akabaki na kipara. Wanaonijua husema hapo ndipo ususi wangu ulipoanzia. Mimi husema hapo ndipo nilipodhulumiwa gari.

Basi akaniletea, na kwa kuwa dhamiri ilikuwa inamsumbua, akaleta zuri. Lina urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, matairi yenye vijino vya mpira, na springi nne zenye mafuta ndani, zile ambazo mafundi wetu wa magari makubwa huziita shokapu. Rimoti yake ina umbo la bastola. Mkono wa kushoto unashika mpini na kidole chake kinavuta kifyatulio cha mwendo. Mkono wa kulia unazungusha kigurudumu kidogo ubavuni, na gari linakata kona. Msomaji aukumbuke huo mkono wa kulia, maana habari yote iko hapo.

Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama, hapa Chemchem, Tabora. Mwanzoni gari lilikuwa linapita katikati ya viti, wateja wakilifurahia, mpaka lilipoanza kupiga kelele kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani. Nikamlaumu kaka. Nikawalaumu waliolitengeneza, ukoo wao wote. Kisha nikafungua tairi la nyuma, nikakuta ekseli imevaa rasta: nyeusi, nyekundu na kahawia, zimejisokota hadi ndani ya beringi kwa ustadi ambao mimi hulipwa kwa huo. Kwa hiyo mwenye gari kama hili anayeishi nyumba moja na wasukaji nampa ushauri wa bure: kila ukimaliza kuendesha, vua matairi uangalie umebeba nywele za nani. Usizivute kwa hasira, zinazidi kuingia. Zikate kwa wembe upande mmoja, kisha uzitoe kwa sindano ya kroshia. Mimi ya kroshia ninayo. Wewe tafuta yako.

Somo la vumbi lilinigharimu gia. Udongo wetu ni mchanga mwembamba, unapanda juu hata pasipo upepo, na mimi nilipoliona gari limepauka nikalipaka mafuta kila mahali, kama tunavyowapaka watoto wanaokwenda shule. Likang'aa. Baada ya muda mfupi mchanga ukajibandika kwenye mafuta, ukawa msasa, ukayala meno ya gia mpaka yakabaki kama ya bibi kizee. Siku hizi mswaki mkavu unatangulia, kitambaa kinafuata, na mafuta ni tone moja la cherehani ndani ya beringi, basi. Anayependa kung'aa apake miguu yake. Skrubu zinazolegea kwa mtikisiko nazitibu kwa rangi ya kucha: tone kwenye nyuzi zake kabla ya kukaza, uiache ikauke, na skrubu haitoki tena mpaka uiombe kwa bisibisi. Gari langu lilikuwa na kucha nyekundu kila kiungo, na wateja wawili watatu waliulizia ile rangi.

Mama alikuwa anayasikia haya yote kutoka chumbani kwake. Kiharusi kilimpata masika yaliyopita, kikamchukua upande wa kulia. Mguu ulirudi kiasi, akawa anatembea kwa fimbo. Mkono haukurudi. Daktari alisema utarudi ukifanyishwa kazi, na kijana wa mazoezi ya viungo akamletea mpira mdogo wa kubinya. Mama akautazama mpira, akamtazama yule kijana, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mimi nimezaa," akasema.

Mpira ukaishia uvunguni.

Kwetu chakula cha mchana ni sinia moja, watu wanakaa mkekani kulizunguka, na mkono wa kushoto hauingii humo. Mama ndiye aliyetufundisha hivyo, kwa kutufinya mapaja. Sasa mkono uliobaki na nguvu ulikuwa huo huo wa kushoto, na mtu aliyefinya mapaja ya watoto wake kwa miaka yote ile hakuweza kukaa mbele yao akautumia. Kulishwa hakutaka hata kusikia. Nilipompa kijiko akasema kijiko cha kushoto ni kushoto tu kilichovaa chuma. Akahamia kula chumbani, mlango umefungwa. Mimi nilimpelekea sahani na kurudi mkekani kwa mama mdogo, mdogo wake tunayeishi naye, tukabaki wawili kwenye sinia la watu sita, tukisikia kijiko kinagonga sahani upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mimi sikutaka kingine chochote duniani kuliko mama arudi kwenye sinia, na sikujua niseme nini ili arudi.

Aliyejua ni mtani. Huyu ni jirani yetu Mzaramo, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akakataa kurudi pwani. Mama kwa upande wa mama yake ni Mnyamwezi, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo umeanzia kwenye misafara ya zamani, wenzetu walipokuwa wanapokea watu waliochoka. Faida yake ni kwamba mtani akikwambia neno, kukasirika huruhusiwi. Na mtani naye alikuwa na gari la rimoti, kaletewa na binti yake kutoka Dar, la zamani kuliko langu. Alikuwa na imani kwamba gari lisilofunguliwa haliharibiki, kwa hiyo hakuwahi kulifungua. Lilikuwa linasikika kabla ya kuonekana.

Alikuja asubuhi moja, nina mteja kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Hodi mtani. Nasikia mkono wako umestaafu."

Vidole vyangu vikakwama kwenye nywele za mteja. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele mlangoni, akaacha kuchambua. Mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumtoa mzee wa watu nje kwa heshima.

"Umestaafu kwa heshima zake," mama akajibu kutoka ndani. "Wewe ulipostaafu, treni zikaanza kufika kwa wakati."

"Babu zako walitoka hapa mpaka baharini na pembe za ndovu kichwani, hawakulalamika. Wewe kigurudumu cha mchezo kinakushinda."

"Walifika kwenu na kiu, mkawauzia maji."

"Tuliwapa bure, nanyi mkaondoka na vyungu. Mtani, toka nje. Jumapili hii ijayo ikipita, ile inayofuata, tushindane kwa haya magari ya rimoti. Ukishindwa utaniita bwana mkubwa mbele ya watu."

Tukasikia fimbo inagonga sakafu. Mama akatokea mlangoni, khanga begani, mkono wa kulia umelala tumboni kama mtoto wa kubebwa.

"Na nikishinda, utabeba mzigo wangu kichwani kutoka sokoni mpaka hapa. Nataka nione pwani nayo ikibeba."

Wakapeana mkono wa kushoto juu ya hilo, kwa sababu mtani ndiye aliyetangulia kuutoa wa kushoto, makusudi, kama vile ni kawaida. Mpaka leo nampenda kwa hilo, na sitamwambia.

Mazoezi yakaanza uani. Mama alikaa kwenye kiti chake, rimoti mkono wa kushoto, na mimi nikamsaidia kuupandisha ule wa kulia mpaka vidole vitatu, gumba na viwili vinavyofuata, vikakaa juu ya kigurudumu. Akavuta kifyatulio. Gari likaanza kuzunguka pale pale, duara baada ya duara, likitafuta mahali pa kulala.

"Gari lako linavuta kulia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lifanyie matengenezo."

Nikaligeuza juu chini nikajidai natengeneza. Siku zilivyokwenda duara likawa yai, yai likawa njia, na gumba likaanza kusukuma lenyewe. Nikaendelea kuangalia matairi. Kumsifu mama yangu ni njia ya haraka ya kumfanya aache.

Tatizo ni kwamba alinogewa, na mama akinogewa anataka madaraka. Alishona nguo maisha yake yote, yale mafuta ya cherehani yalikuwa yake, na sasa akajiteua fundi mkuu. Gia nilizozibadilisha alizisikiliza akasema zimebanana mno, zitalia, na nikiziachanisha mno zitakatana meno. Akaniagiza niweke kipande cha karatasi katikati ya meno, nizisogeze zikibane, nikaze skrubu, kisha nivute karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Nikafanya, zikanyamaza. Betri aliipiga marufuku chumbani kwake tangu niliponukuu maelezo ya kwenye boksi kwamba inaweza kuwaka. Ikawa inachajiwa barazani ndani ya chungu cha udongo, mtu akiwa macho na karibu, na ikiwa ya moto kutoka kuendeshwa lazima ipoe kwanza. Ya kuwekwa muda mrefu tunaiacha nusu, haijai wala haikauki. Iliyovimba haitobolewi, haibembelezwi, inatolewa nyumbani. Mama alizitamka sheria hizi kwa wateja wangu ambao hawana gari wala betri.

Kisha shokapu zikavuja. Mafuta yake yanatoka Dar, nikaagiza, na kifurushi kikapanda basi ambalo sijui lilikuwa linakuja Tabora au linakwenda kuhiji. Jumapili ilikuwa inakaribia. Nikarudi kutoka sokoni nikamkuta mama uani, shokapu zote nne zimefunguliwa, na ya mwisho anaijaza.

"Mafuta umepata wapi, mama?"

"Kwenye ile chupa."

Chupa aliyoionyesha kwa kidevu ilikuwa asali. Tena ile ya nyuki wadogo, nyepesi, yenye uchachu, ambayo mteja wangu mmoja wa Goweko, mkulima wa tumbaku na mwanakwaya wa Kimoraviani, aliniletea kwa ajili ya mgonjwa. Mama aliilamba mara moja akasema dawa anazo za kutosha.

"Mama, hiyo ni dawa yako."

"Ulisema itumike kila siku. Imetumika. Nimeijaribu kwa kidole, uzito ule ule."

Nilifungua kinywa nigombe. Nilikuwa na hoja nzuri, nyingi. Kisha nikaona kile kishokapu, kidogo kuliko kidole cha mwisho, kimeshikwa wima na mkono wa kulia ili wa kushoto umimine. Vilikuwa vidole vile vitatu, na havikutetemeka. Yeye mwenyewe hakuwa na habari, alikuwa anaangalia asali. Nikafunga kinywa, nikaenda kuuliza mama mdogo kama anahitaji kusaidiwa vitunguu, nikapata sababu ya kutoa machozi.

Na niseme ukweli, gari lilitulia. Juu ya matuta lilikuwa linapanda na kushuka kwa adabu. Sisemi mtu aige.

Jumapili tukachukua bajaji mpaka uwanja ulio kando ya njia ya zamani ya kwenda Kwihara. Majirani walikuwa wamefika, na wengine waliofuata majirani. Kilikuwa kiangazi kikali, nyasi zimekauka, hakuna mti wenye ua. Nyuki walikuwa na njaa, na hilo nilipaswa kulifikiria kabla ya kupeleka asali uwanjani juani. Ila nilikuwa nafikiria vigae, nimevipanga kama alama za kuzunguka.

Wakaanza. Gari la mtani lilitangulia likitoa sauti ya kusaga karanga. La mama likafuata kimya. Kwenye kigae cha pili mtani akapitiliza, mama akakata kona ndani yake, watu wakashangilia. Nikaona nyuki mmoja kwenye shokapu ya mbele. Nikajiambia ni mmoja. Vile vimpira vinavyozuia mafuta vilikuwa vimechakaa, ndivyo vilivyovujisha tangu mwanzo, na hakuna aliyevibadilisha. Fundi mkuu alibadilisha mafuta tu. Jua likaichemsha asali, ikaanza kutoka nje.

Sijui wanaambianaje. Gari lilipomaliza mzunguko lilikuwa halionekani rangi, limevaa nyuki, na lilikuwa linakuja kwetu.

Watu walitawanyika. Mtani alitupa rimoti, akashika kofia kwa mkono mmoja na suruali kwa mwingine, akapita karibu yangu kwa mwendo ambao reli haikuwahi kumwona nao, na nyuki mmoja yuko sikioni kwake tayari. Mimi nikamshika mama mkono wa kulia.

"Mama, inuka twende."

"Niende wapi na mguu huu? Niachie mkono."

Alisema mkono, nikauachia. Akageuza kigurudumu. Gari likakata kona kali mbele yetu, umbali wa mkeka, likatoka nje ya vigae, likashika njia ya Kwihara na wageni wake wote. Kulikuwa na korongo la maji ya mvua, akalizunguka. Kulikuwa na rundo la majani ya mwembe, akalikwepa. Mtu wa baiskeli alikuwa anakuja na magunia ya mkaa, akaona kinachokuja, akaiachia baiskeli ijiendeshe. Mama akapita katikati ya mtu na baiskeli. Mimi nilikuwa siangalii gari. Nilikuwa naangalia gumba na vidole viwili, kushoto kidogo, kulia kidogo, kila safari kiasi kinachotakiwa na si zaidi. Gari likaenda mpaka mawasiliano yakakatika, likasimama peke yake kule mbali, na nyuki wakakaa kula.

"Limeishiwa?" mama akauliza.

"Limefika mbali."

"Basi nimeshinda," akasema. "Yule hakumaliza."

Nyuki walipotosheka wakaenda zao. Nililikuta gari limelambwa shokapu safi kuliko mswaki wowote uwezavyo. Mafuta ya shokapu yanunuliwe ya shokapu, na vimpira vichakavu vibadilishwe mapema. Baada ya siku ile sihitaji kueleza zaidi.

Tulirudi nyumbani mchana umeshapita. Mama mdogo alikuwa amepika wali na nyama, na mtani alialikwa, sikio limekuwa mara mbili ya mwenzake. Nikatandika mkeka, nikaweka sinia, nikapakua sahani ya mama pembeni na kijiko chake, nikaanza kwenda nayo chumbani kama kawaida.

"Hiyo ya nani?" akauliza.

"Yako, mama."

"Mgeni amekuja, mimi nikajifungie ndani? Irudishe humo."

Niliumimina ule wali kwenye sinia. Mwingine nikaumwaga mkekani. Mama akashuka polepole, fimbo, goti, kiganja cha mama mdogo, mpaka akakaa. Akanawa. Akasema bismillahi. Mkono wa kulia ukaingia kwenye wali, vidole vitatu vikakusanya, vikainuka, na zaidi ya nusu ikaanguka kifuani. Akakusanya tena. Mimi na mama mdogo tulikuwa tunatazama chini tukila wali bila kuuonja.

"Mtani," Mzaramo akasema, mdomo umejaa, "unamwagia kuku gani? Wote wamekimbia nyuki wako."

"Naacha uokote. Wewe ndiye mzoefu wa kutupa vitu ukakimbia. Na Jumatatu uje uchukue kapu, nina viazi vya kubebwa."

Tukacheka, mimi nikacheka kuliko wote, maana kulikuwa na jambo jingine lililotaka kutoka na nilikuwa nalizuia kwa kicheko.

Kisha nikauona mkono wake unaacha wali na kwenda katikati, kwenye nyama. Vidole vikashika mnofu, ukaponyoka. Vikaushika tena. Akauinua, mkono wote unatikisika mpaka kiwiko, na mimi nikawa naufuata kwa macho, nausukuma moyoni uelekee kinywani kwake. Haukwenda huko. Ulivuka sinia, taratibu, ukadondosha mchuzi njia nzima, ukafika upande wangu, ukauweka ule mnofu mbele yangu, kama alivyokuwa akituwekea tulipokuwa watoto.

"Kula," akasema. "Umekonda."

Mimi ndiye niliyekuwa namkatia kucha, namfunga vifungo, namvusha kizingiti cha bafu. Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba sasa mimi ndiye mama. Nikalia pale pale mbele ya mgeni, nikaula ule mnofu.